Kuzunguka Majaruba Manne

Mume wangu aliacha majaruba manne ya mpunga, mawili juu na mawili chini, yameshikana kama vyumba vya nyumba moja. Alipokuwa hai hakuna aliyeyatolea macho. Kisha wanunuzi binafsi wakaanza kuja huku Bariadi na malori yao, wananunua mpunga mlangoni kwa mtu, na shemeji yangu akakumbuka kwamba alikuwa na kaka.

Katika ukoo wao mjane hakatiwi shamba kwa kamba. Anatembea juu ya matuta mpaka arudi alipoanzia, bila kukanyaga nyayo zake mwenyewe. Alichokizunguka ni chake. Shemeji akaweka sharti moja mbele ya wazee: nisizunguke yote manne. Wazee wakakubali. Mimi nilikuwa na watoto sita, na majaruba mawili yasingewafikisha kwenye mavuno mengine.

Jioni nikachora majaruba kwenye majivu ya jikoni, nikapitisha kijiti. Moja moja, njia nne. Mawili yanayopakana, nne tena. Mawili ya pembe kwa pembe hayawezekani, utapita katikati mara mbili. Hesabu ya shemeji iliishia hapo. Alishatangaza kilabuni kwamba njia ni nane, na kwamba nikijitahidi sana nitapata mawili. Mimi niliendelea kwa sababu maji ya ugali yalikuwa hayajachemka. Zilikuwepo nyingine nne, zimepinda, za kuzunguka matatu na kuacha kona moja. Jumla kumi na mbili. Ya kumi na tatu ndiyo aliyoikataza.

Asubuhi wazee walikuja shambani na shemeji; matuta yalikuwa na tope. Nikaanzia juu, pale mfereji unapoingia, nikafuata ukingo wa nje. Shemeji akatabasamu, akidhani navunja sharti. Kabla ya kufika kona ya chini nikakata ndani hadi katikati, nikashuka, nikashika tena ukingo, nikarudi nilipoanzia.

Shemeji akasema, "Huo si mzunguko. Umevunjika."

Mzee mmoja akainama kutazama tope, akaniita mama kwa Kisukuma. "Mayu, umekanyaga nyayo zako?"

"Zitazame."

Akazitazama zote, taratibu. Kisha akamwambia shemeji achukue lililobaki.

Lililobaki ni la kona ya chini, mbali na mfereji; hupata maji baada ya yangu kushiba, nami nikiyafungulia. Kuanzia msimu ule shemeji aliniamkia kila asubuhi.