Nimefuta poda mbele ya akina mama wa Kitura

Leo nimefuta poda usoni mbele ya akina mama wa jumuiya nzima.

Sikupanga, jamani.

Nilienda Kitura kuonyesha mafuta ya ngozi ninayotengeneza jikoni kwangu, ya parachichi na nta ya nyuki. Wakapaka, wakanusa, wakafurahi.

Kisha dada mmoja akauliza, "Mbona wewe mwenyewe umejaza poda?"

Nikalowesha kitambaa, nikafuta. Mashavu yangu yana madoa meusi. Nilipaka mkorogo wa kujichubua miaka sita.

Nikawaambia ukweli: mafuta haya hayajayaondoa. Yamelainisha ngozi tu.

Nikajua biashara imeisha, nikaanza kufunga makopo yangu.

Mama mmoja mtu mzima akanisogelea. Nikamwamkia. Akaitikia polepole, akatoa kopo la mkorogo wake kwenye mkoba.

"Nikiacha leo, mwanangu, itauma?"

"Itauma, mama. Mimi iliniuma. Jumatatu nitakupeleka hospitali wakuangalie."

Akaliacha kopo mezani kwangu.

Nimerudi nyumbani Mbinga bila poda. Kesho naenda sokoni na uso huu huu.

Mliowahi kuacha mkorogo, mlivumiliaje wiki za mwanzo? Andikeni hapa, nitamsomea mama.