Nyama ya Maharagi

Nilifika Likasi kwa gari moshi lililotoka Kabalo. Njiani kichwa chake kilikufa, tukalala kando ya reli mpaka tukazoea mbu, na abiria wakauza nguo zao kwa wanakijiji wapate mihogo. Nilipoteremka nilibaki na suruali niliyovaa na hamu ya kuona mji. Hamu hiyo haijanitoka mpaka leo, nikiwa na miaka arobaini na kitu, bila mahali ninapopaita kwangu.

Yaya yangu, dada yangu mkubwa, alikuwa ameolewa na mfanyakazi wa kampuni ya madini, wakakaa katika nyumba ya kampuni, kambi ya wafanyakazi huko Shituru. Nyumba ilikwenda na kazi. Mtu akishindwa kwenda kiwandani, ufunguo unarudi. Na shemeji alikuwa na ugonjwa wa kifua. Posho ya samaki ilikuwa imekatika, zikabaki unga na maharagi, na maharagi matupu hayakumpita kooni. Alisema hicho ni chakula cha jela. Asipokula, hakuwa na nguvu za kwenda kazini. Kwa hiyo yaya aliiangalia ile sufuria kama mtu anayeangalia ukuta wenye ufa.

Nilipata kazi ya kupepea moto kwa mchoma nyama mmoja nje ya baa. Aliuza michopo, yaani nyama ya mbuzi ya kuchoma, kwa vitunguu na pilipili. Mwanzoni wateja walichagua. Walisukuma pembeni sehemu zilizoungua, mishipa, na ngozi ngumu iliyokataa meno. Hayo mabaki yalikuwa yangu. Niliyafunga katika karatasi ya mfuko wa simenti nikayapeleka nyumbani.

Yaya hakuyatia mapema. Alisubiri maharagi yapasuke na mchuzi uwe mzito, ndipo akayatia, akafunika na kuweka jiwe juu ya kifuniko. Harufu ya mbuzi ikifika kwa majirani, wangekuja kusalimu, na pale kambini aliyekukuta unapakua ulimlisha.

Shemeji alimega bukari, ugali wetu, akachovya, akatafuna kwa muda mrefu.

“Hii mbuzi ilikufaka mara mbili, shemeki,” aliniambia. “Mara ya pili ni mu meno yangu.”

Lakini alimaliza sahani, na asubuhi akaenda kazini.

Halafu mishahara ikaanza kuchelewa, na fedha ikawa haina maana. Wateja wakapungua. Waliobaki waliguguna mpaka mfupa. Jioni moja nilinyoosha karatasi yangu kama kawaida, mchoma nyama akatikisa kichwa.

“Papa, na ile ya maharagi?” nilimuuliza.

“Bule, hakuna kitu. Siku hizi bantu banakula ile ya maharagi.”

Kweli, alikuwa ameyatenga mabaki katika sinia dogo, na mwalimu mmoja mwenye tai alikuwa ameinama akichagua. Nikaomba vijiti vya kuchomea, vile vilivyoloa mafuta na kuwa vyeusi. Yaya alivipokea, akavichemsha katika maharagi, kisha akavitoa kabla ya kupakua.

Shemeji alipitisha kidole ndani ya sahani, chini ya maharagi.

“Nyama iko wapi, mama?”

“Iliiva sana,” yaya alisema. “Iliyeyuka.”

“Njo vile, kweli. Na ya mwili wangu inayeyuka.”

Akala matonge mawili kwa heshima ya mkewe, akamsogezea sahani. Wiki ile aliacha kwenda kazini. Hatukubishana naye. Alilala akiangalia dari, na sisi tukaiangalia pamoja naye.

Aliyekuja kuchukua ufunguo alikuwa mpole, hata alivua kofia. Familia mpya ilikuwa imekwisha kuketi nje juu ya godoro lake. Mama wa familia hiyo alimuuliza yaya kama jiko linabaki, maana yeye hakuwa nalo. Yaya akasema linabaki. Yaya na mumewe walikuwa wanakwenda upande wa Kakanda, kwa ndugu za shemeji, chumba kimoja chenye watu tayari.

“Weye usitufuate, mudogo wangu,” aliniambia. “Kule sahani ni zenye kuhesabiwa.”

Nilisaidia kumpandisha shemeji juu ya mkokoteni. Alikuwa mwepesi kuliko magunia ya makaa niliyozoea kumbebea mchoma nyama. Kisha nikapanda lori la makala, makaa ya kuni, lililoelekea kusini. Yaya hakuniuliza nitarudi lini.