Gari Lililooshwa Kabla ya Ukaguzi

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Mpanda, Mkuu wa Karakana hakunipa spana. Alinipa matambara na dumu la dizeli, akanionyesha injini iliyoganda grisi na vumbi, akasema niioshe mpaka nione rangi yake. Niliosha kutwa nzima nikinung'unika moyoni, maana nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na cheti kipya. Miaka ya tisini ilikuwa ndiyo inaanza, na sisi tulikuwa bado Mkoa wa Rukwa.

Baadaye nikaelewa. Kwenye injini chafu huwezi kujua oili inatokea wapi, kwa sababu hutiririka na kupeperushwa na upepo, ikaonekana mbali na inapovujia. Unaosha, unakausha, unaiwasha, ndipo unaitazama. Moshi nao una lugha yake. Mweusi, dizeli imezidi hewa. Mweupe usiokoma, mara nyingi maji yanaingia ndani. Wa bluu, oili inaungua, na hapo unaanza kuzishuku ringi za pistoni na sili za valvu. Niliyashika hayo vizuri, na baada ya miaka michache nikapewa ukaguzi. Kusema kweli, kichwa kilinivimba.

Ndipo likaja gari la wagonjwa lililokuwa likienda upande wa Ikola. Dereva wake aliitwa Masanja, Msukuma mpole wa rika langu. Kila akirudi, oili ilikuwa imepungua lita mbili na zaidi, na wakubwa wakaanza kusema anaiuza njiani. Niliagizwa kulikagua. Masanja alilileta asubuhi linang'aa juu na chini. Nililiwasha, nikalisikiliza, nikatazama moshi, nikapita chini yake na tochi. Hapakuwa na tone. Nikaandika kwamba injini haivuji wala haiunguzi oili.

Kama haivuji na haiungui, basi imeibwa. Sikuliandika neno hilo, lakini ripoti yangu ndiyo iliyolisema. Masanja akasimamishwa kazi, barua ikabandikwa ubaoni pamoja na ripoti yangu, na mtaani wakaanza kumwita mwizi wa oili.

Gari akapewa dereva mwingine, na oili ikaendelea kupotea. Mkuu wa Karakana alisema madereva wamefundishana. Mimi usingizi ukanipaa. Jumapili nikaenda nyumbani kwa Masanja. Mkewe alinipa kigoda bila kunitazama. Nikamuuliza mumewe kwa nini siku ile alileta gari limeoshwa hivyo.

"Nililiosha ili wewe usichafuke, fundi," alisema. "Nililipeleka mtoni jioni, likalala limepoa, asubuhi nikaja nalo polepole nisilitie vumbi."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Alikuwa amenipa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyofuta ushahidi wake. Lakini yeye hakuwa fundi. Mimi ndiye niliyepaswa kujua kwamba gari lililopoa halisemi kitu.

Nilimwomba tulijaribu gari lile pamoja. Alikataa, akasema wakimwona kwenye usukani watamwongezea kosa. Nikamwambia kosa lolote litakalotokea nitalibeba mimi. Kesho yake nililichukua gari kwa dereva mpya, tukapakia mifuko ya mchanga, tukaelekea njia ya Sibwesa, milima na mashimo, mpaka injini ikachemka sawasawa. Pale pale barabarani, injini ikinguruma, nililala chini, nikafuta kila ungio, nikapaka unga mkavu wa muhogo, nikamwambia akanyage mafuta. Unga ulibaki mweupe kila mahali isipokuwa nyuma ya injini. Pale ukalowa, na tone likaanguka kwenye shati langu. Ilikuwa sili ya nyuma, raba ya duara inayozuia oili pale injini inapokutana na klachi. Ikipoa inashika. Oili ikichemka na kuwa nyepesi, inapenya na kumwagika barabarani.

Nilimpelekea Mkuu wa Karakana ripoti ya pili. Aliisoma mara mbili.

"Ya kwanza ipo kwenye faili na sahihi yako," alisema. "Hii inakufunga mwenyewe. Acha, tutamrudisha kimyakimya."

"Hakusimamishwa kimyakimya, mzee," nilijibu.

Nikatoka nikaibandika ubaoni kwa mkono wangu, mahali palepale ripoti ya kwanza ilipokuwa. Masanja alirudi kazini wiki hiyo. Mimi nilinyang'anywa ukaguzi, nikahamishiwa Inyonga kutengeneza malori ya tumbaku, na cheo sikupanda tena. Nilichukia uhamisho ule kwa muda mrefu, sitawadanganya. Ripoti ile sijaijutia hata siku moja.

Nyie vijana mna mashine za kusoma injini. Zitumieni. Lakini ukiandika kuhusu gari, unaandika pia kuhusu mtu aliyeshika usukani wake, na mtu huyo ana mke na majirani.

Siku ya kuniaga nilipostaafu nilivaa suti. Hotuba zikiendelea, pikapu moja ikaingia uwanjani, imejaa tope mpaka madirishani. Alishuka Masanja, mvi kichwa kizima. Gari lilikuwa lake mwenyewe. Hakuzima injini. Alinijia mbele ya wageni wote, akanishika mkono.

"Fundi, linanivujia. Njoo uangalie sasa hivi, bado la moto."

Nilivua koti, nikalala chini ya gari.