Shamba Lililovuka Mto

Nelius alizaliwa mtaa wa Dallas, mjini Embu, kwenye ploti ambayo ukitandika mkeka umeimaliza. Labda ndiyo maana aliipenda sana kazi yake ya kupima mashamba ya watu huko Kanyakine. Chama cha ushirika cha kahawa kilimpa simu yenye ramani, naye akawa anazunguka mpaka wa kila mkulima kwa miguu, simu ikichora alikopita. Kwa miaka mitatu alikuwa amemaliza jozi nne za gambuti, na hakukuwa na mbwa kijijini asiyemjua.

Wanunuzi wa ng'ambo siku hizi wanataka kuonyeshwa kila shamba kwenye ramani, wahakikishe kahawa haikupandwa msituni. Sasa ramani ya Mzee Salesio, mmoja wa wakulima hao, ilirudi kutoka kwenye mtambo wa wanunuzi na alama nyekundu. Kona ya chini ya shamba ilikuwa imevuka kijito na kuingia katika msitu wa serikali. Isiporekebishwa kufikia Ijumaa, kahawa yake ingetengwa, isiuzwe pamoja na ya wenzake. Mzee aliyelima pale miaka hamsini bila kukata hata ufito wa msitu, karatasi ikamfanya mwizi.

Nelius alipoona tarehe ya kipimo kile alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliikumbuka vizuri siku hiyo. Mvua ilikuwa ikimiminika, naye alikuwa akikimbilia chai ya Celina, mke wa mzee, na pale konani chini ya miti hakusimama hata dakika moja.

Alikwenda mwenyewe kuungama. Aliwaeleza mzee na mkewe kwamba simu hujua ilipo kwa kupima muda ambao mawimbi huchukua kutoka kwenye setilaiti. Unyevu wa hewani huyachelewesha kidogo, na majani yaliyolowa huyadhoofisha na kuyapotosha njia, hasa bondeni, na hapo simu hukosea kwa hatua kadhaa. Ukisimama na kuisubiri, hujirekebisha. Yeye hakuisubiri.

Mzee Salesio alimsikiliza kama yuko kanisani, kisha akaelekeza kidole bondeni.

"Shamba yangu haijawai vuka huo mto," alisema. "Hata mimi nikivuka huwa naanguka."

Celina alicheka mpaka akaweka sufuria chini. Wakakubaliana kupima upya Alhamisi asubuhi, kukikauka.

Hakukukauka. Alhamisi kulipambazuka na manyunyu, na Nelius akashuka bondeni moyo ukiwa mzito. Karibu na kijito akasikia miti ikitikiswa. Mzee, katika umri wa miaka sabini na minane, alikuwa na mti mrefu wa kuangulia parachichi, akichapa matawi ya mikima, miti yake ya kivuli, moja baada ya jingine. Celina alikuwa chini akikung'uta mibuni kwa mikono miwili. Wote walikuwa wamelowa chapachapa.

"Tunakukaushia majani," mzee alisema.

Nelius alijua jua lingefanya kazi hiyo vizuri zaidi, lakini furaha ilimjaa. Akavua koti, akashika tawi, wakakung'uta pamoja huku wakirushiana maji kama watoto. Ilipofika saa tano ukungu uliinuka na jua likachomoza. Akasimama konani dakika kumi nzima, akitazama kipimo cha makosa kikishuka: mita kumi na tano, tisa, nne, tatu. Kisha akazunguka mpaka wote, polepole. Kona ilikuwa upande wake wa kijito, na nafasi ya ng'ombe kupita ikabaki kati yake na maji. Akaituma ramani palepale, na kabla hajavaa koti jibu likarudi bila alama nyekundu.

Mzee akataka kuonyeshwa alipo yeye mwenyewe. Nelius akamwonyesha doa la buluu kwenye kioo. Mzee akamwita mkewe.

"Celina, kuja usimame hapa karibu na mimi. Hiyo setilaiti ituone tukiwa wawili, isikosee tena."

Nelius alijua vizuri kwamba setilaiti haioni mtu, na kwamba doa hufuata simu tu. Akamkabidhi Celina simu, ili doa lile liwe lao, akasogea kando wala hakumsahihisha mtu.