Nyasi Juu ya Vigae

Nikiikumbuka nyumba yetu ya Nyakakika, naisikia kabla sijaiona. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya kibanja na migomba ikionekana nusu nusu, nilibaki kitandani nikisikiliza maji yakitembea ndani ya ukuta. Yalikwenda taratibu, kama mtu anayetafuta kitu chumbani bila kutaka kuwaamsha wenzake. Wakati mwingine nilisinzia tena, nikaota nyumba nzima inaelea bondeni na kahawa imechanua pande zote. Nilipoamka, maji bado yalikuwa yanatembea, na upande wa pili wa ukuta huo alilala mama mkwe wangu.

Maji hayo yalitoka bafuni, na bafu lenyewe lilikuwa lake. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini, kahawa ilikuwa imekubali mwaka ule, na mume wangu alikuwa amechoka kumwona mama yake akijikongoja hadi kwenye uzio wa matete nyuma ya migomba kwenda kuoga. Vigae vilitoka Bukoba juu ya lori, vimefungwa kwa majani makavu ya migomba, na hakikuvunjika hata kimoja. Vilikuwa vyeupe, kila kimoja na ua dogo la bluu katikati. Nje kulisimamishwa pipa juu ya nguzo, lipokee maji ya mvua kutoka kwenye bati. Ndani ukifungua koki, yanakunyeshea kichwani. Watu walikuja hadi kutoka Rugera kutazama, na mume wangu aliwavulisha viatu mlangoni.

Fundi aliyejenga alikuwa Mrundi, mkimbizi wa miaka mingi, mtu mwembamba aliyezungumza na simenti zaidi kuliko alivyozungumza na watu. Hakuwa na kibanja. Aliishi na mke na watoto kwenye kijumba cha kuazimwa. Wakati huo usharika wetu ulitaka kujenga nyumba ya mchungaji, kazi ya mwaka mzima, na mjenzi angepewa vyumba viwili vya kuishi na familia yake. Mume wangu alikuwa katibu wa kamati ya ujenzi, na alishalitaja jina la fundi wetu. Wazee wa kanisa walisema watakuja kwanza waone bafu.

Ndipo ukuta ukaanza kutoa jasho. Lilianza doa, kisha chokaa ikavimba na kubanduka, mwisho tofali za udongo zikawa zinabonyea kwa kidole. Bafuni maji yalisimama hadi kwenye vifundo vya miguu, hayataki kwenda shimoni. Siku ya kwanza mume wangu alisema simenti ni hafifu. Siku ya pili alisema fundi ni hafifu. Siku ya tatu alisema atamwita aje afukue, na wazee wakija watajionea wenyewe kazi yake.

Mimi nilijua. Naomba niseme hivyo hivyo bila kujipamba. Kwetu sebule isiyotandikwa nyasi ni ya watu wasiojali. Mgeni huingia, akakanyaga nyasi mbichi, na ile harufu ikamkaribisha kabla hujafungua mdomo. Mama mkwe alizikata kila Jumamosi. Alizotandika sebuleni tulizishukuru sote. Ila siku moja niliukuta mlango wa bafu uko wazi kidogo, mwanga wa dirisha dogo umejaa ukungu, naye ameinama anatandika nyasi juu ya vile vigae, unyasi mmoja mmoja, kwa utulivu wa mtu anayetandikia mtoto kitanda. Nilisimama nikimtazama mpaka nikasahau nilichofuata. Baada ya kuoga alizikusanya zote asionekane, lakini vipande vidogo vilikwenda na maji.

Nikarudi jikoni kimya. Mkaza mwana anaanzia wapi kumwambia mama mkwe habari za kuoga kwake? Nikajidanganya kwamba nyasi kidogo haziwezi kuziba bomba. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sisi tuliumbuliwa na ukuta.

Fundi alikuja asubuhi ya manyunyu. Aliweka pimamaji sakafuni, akaona mteremko uko sawa. Akatoka nje, akachimba chini ya ukuta, akafungua kona ya bomba. Akaingiza mkono, akavuta. Likatoka fungu refu jeusi la nyasi, limesukana, linanuka. Aliliangalia. Kisha akaangalia kupitia mlangoni, sebuleni, penye nyasi mpya, na mama mkwe aliyekaa mkekani akichambua maharage. Mama mkwe akazidi kuinamia ungo.

"Ni nini hicho?" mume wangu aliuliza.

"Mizizi ya migomba, bwana katibu." Fundi alilikanyagia fungu lile matopeni. "Nilipitisha bomba karibu mno. Kosa ni langu."

"Basi wazee nitawaambia hivyo."

Niliona aibu. Mtu asiye na hata mgomba wake anasingizia migomba yetu ili mama yetu asifedheheke!

"Si mizizi," nikasema. "Ni nyasi. Nilitandika mimi."

Mume wangu akanigeukia. "Wewe? Wewe hata sebuleni hutandiki mpaka usukumwe."

Ilikuwa kweli.

"Mniache, waitu, jamani," mama mkwe akasema, akajiinua kwa shida. "Mnagawana kosa langu kama urithi, na mimi ningali hai? Nyasi ni zangu. Vile vigae vinateleza, baba." Ndivyo alivyomwita mwanawe. "Nilianguka siku ile ya kwanza, wageni wako wakinywa chai sebuleni. Nililala pale chini nikiwasikia mnavyocheka. Maumivu yalipopoa nikavaa, nikatoka, nikacheka nanyi."

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Ningesemaje? Ulikuwa umefurahi sana."

Manyunyu yalidondoka juu ya bati, na hakuna aliyejua aangalie wapi. Kisha mume wangu akamwambia fundi, mbele yetu sote, "Nisamehe. Wazee waje wakukute kazini. Nitawaeleza mwenyewe."

Fundi akasema maji yameshapenya katikati ya vigae, kwa hiyo sakafu yote ing'olewe. Safari hii atamwaga simenti na kuikwaruza kwa ufagio ikiwa mbichi, mguu upate pa kushika. Akachukua patasi. Mume wangu akampokonya nyundo, akapiga magoti, akapiga kigae cha kwanza kwa nguvu zake zote.

Mama mkwe alishtuka, akanishika mkono.

"Polepole, baba," alimwambia mwanawe. "Vigae hivi ni vizuri mno."