Katekista Hilari na Kimya cha Shambani

Tangu arudi kutoka kozi ya makatekista ya Kipalapala, Hilari Masolwa alikuwa hakai kitako. Akisalisha, mguu ulipigapiga sakafu; akila, aliacha tonge sahanini akaenda kusimama mlangoni. Mkewe, Getruda, alimwuliza kama ana minyoo.

"Sina minyoo," alisema Hilari. "Nina aibu."

Alikuwa katekista wa kijiji kipya cha ujamaa upande wa Ntalikwa, mkoani Tabora, mwaka wa 1974. Siku sita watu walilima shamba la pamoja, siku ya saba walisali, na siku hizo zilipitana kama watu waliogombana. Kwenye kozi hiyo, padre mmoja aliwafundisha habari za wamonaki wa kale wa jangwa la Misri, waliosuka mikeka mkono ukiwa kazini na moyo ukiwa kwa Mungu, bila kusema neno. Wenzake walisinzia. Hilari alijaza daftari zima. Watu hawa waligawana mkate na jasho miaka elfu moja na mia sita kabla ya Azimio la Arusha! Kwa nini basi Mkristo wa leo aiache sala mlangoni mwa kanisa anapochukua jembe?

Akamwendea Lukumani, msimamizi wa shamba la kijiji, mzee Mwislamu aliyezaliwa Tabora mjini. Akaomba Wakristo kumi na wawili wapalilie safu moja, kimya kabisa, na reli chakavu, kengele ya kijiji, igongwe saa tatu na saa sita ili wasimame kusali zaburi.

"Mradi matuta yapaliliwe, Mwalimu," alisema Lukumani. "Lakini kikundi kikipungua, nawagawa kwa wenzao, na mchezo umekwisha."

"Si mchezo, mzee."

"Haya. Tutaona."

Asubuhi ya kwanza safu iliingia shambani bila wimbo. Majembe yaligonga udongo, kila moja kwa wakati wake, kama mvua isiyojua inyeshe au iache. Hilari alijitahidi kusali moyoni, lakini alisikia mgongo tu. Hapo akatokea mama mmoja wa kijijini, Josepha, akitoka kisimani, ndoo kichwani. Aliwaona watu kumi na wawili wameinama, hakuna anayeimba. Akaitua ndoo, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Uwii! Nani jamani? Nani ametutoka?"

Kilio kilivuka matuta. Wanawake wa safu nyingine wakatupa majembe, wakaja mbio wakilia, wakiwa bado hawajui wanamlilia nani. Ilichukua asubuhi nzima kuwanyamazisha. Apolinaria, mwimbishaji wa kikundi, mjane mwenye sauti iliyofika hadi barabarani, alibeba jembe lake begani.

"Mimi silimi matanga ya mtu aliye hai," alisema, akaenda zake.

Kesho yake walikuja wanane. Siku ya tatu, wanne. Lukumani aliitaja siku ya kuwagawa kwa neno moja tu: "Ijumaa."

Alhamisi Hilari alibisha hodi kwa Apolinaria. Alimkuta akichambua mchicha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo unaongea? Nilidhani umefungwa mdomo na wale wazee wako wa Misri."

"Nimekuja kukuomba urudi. Kikundi kikivunjika kesho, sala ya shambani imekufa."

"Hao wazee walilima matuta ya mahindi?"

"Walisuka mikeka."

"Kila mtu chumbani mwake?"

"Kila mtu chumbani mwake."

"Sasa!" Aliurusha mchicha ndani ya ungo. "Mwalimu, babu yangu alibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka Bagamoyo. Miezi mitatu, mzigo begani, wakiimba njia nzima. Msafara ukinyamaza, ujue wanazika. Wewe umesoma, hilo hukufundishwa?"

 Hilari alikuwa amejaza daftari zima kuhusu watu wa Misri, na hakuwahi kumwuliza hata mtu mmoja wa kijiji chake anasalije.

"Nitarudi," alisema Apolinaria. "Lakini unaijua sheria ya kikundi. Aliyemfukuza mwimbishaji hulima mbele peke yake, naye huimbwa."

Ijumaa Hilari alitangulia, tuta zima mbele yake, safu nyuma ikimsukuma. Walikuwa kumi na wawili. Apolinaria alipaza sauti: katekista amekwenda Misri, amerudi bubu! Wakaitikia kwa kishindo, majembe yakashuka pamoja. Hilari alilima akikimbia, jasho likimwingia machoni, akichekwa na shamba zima. Wimbo wa pili ulimkumbuka marehemu mume wa Apolinaria. Wa tatu uliomba mvua, na jina la Mungu lilikuwa ndani yake, katikati ya jina la mto na jina la ng'ombe.

Reli ikagongwa saa sita. Lukumani na Waislamu wenzake wakaweka majembe chini, wakaenda kutawadha. Safu ya Hilari haikusimama.

"Mwalimu!" Apolinaria aliita. "Tusali au tulime?"

 Hakuna ukurasa wa daftari uliomjia Hilari.

"Usikate wimbo, mama," alisema. "Tufike kwanza mwisho wa tuta."

Akainama tena. Mguu ulikuwa bado unapigapiga. Hakujua kama alichofanya ni sala au ni kushindwa, na tuta lilikuwa bado refu.