Sabuni ya Fulaha

Nilipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili nilisahihisha jina la mama yangu, na kwa kosa hilo jiko lake likazimika. Naanza na hilo kwa sababu nimechoka kulizunguka. Aya hii nimeiandika upya mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri, na kila mara nilitanguliza harufu ya mawese, kana kwamba harufu ingenitetea. Basi harufu yenyewe ni hii: mafuta ya mawese yakichemka ndani ya pipa lililokatwa nusu, magadi makali yanayochoma pua, na moshi wa mbao za makasha mabovu, nyuma ya chumba chetu mtaani Namuwongo, hatua chache kutoka kwenye reli. Ng'ambo ya reli, upande wa Bugolobi, kulikuwa na viwanda. Mwaka ule paa jipya la ghala liliota kila tulipogeuza shingo, na malori yalipanga foleni tangu alfajiri kupeleka unga, saruji na magodoro Juba na Goma. Watu wazima walisema nchi inakua. Mimi nilisikia mngurumo tu, na kuona vumbi likitua juu ya sabuni ya mama kabla haijakauka.

Mama anaitwa Furaha. Alitoka Bukavu akiwa amenibeba mgongoni, na kazi aliyotoka nayo ilikuwa kupika sabuni. Aliumimina uji wake wa manjano kwenye fremu za mbao, ukianza kuganda akaukata kwa waya, kisha akagonga muhuri wa mbao juu ya kila kipande kikiwa bado laini. Muhuri huo aliuchonga jirani yetu Ssalongo, seremala, Muganda aliyejaliwa mapacha, naye aliandika jina kama lilivyomwingia masikioni: FULAHA. Mama hakujua kusoma, hakuona kasoro. Wateja waliulizia sabuni ya Fulaha, wakaipata, wakarudi. Kizuri chajiuza, na ile ilijiuza hadi Nsambya, kwenye nyumba za polisi na za watu wa reli.

Kasoro niliiona mimi. Kiswahili cha vitabuni nilijifundisha mwenyewe, kwa kitabu cha sarufi kisicho na jalada nilichokiokoa kwenye karatasi za kufungia karanga. Pale mtaani Kiswahili kilikuwa lugha ya askari na ya wageni, kila mtu akikikata alivyotaka, nami nikakishika kwa ukali wa mtoto ambaye hana kingine cha kujivunia. Nilisahihisha mabango ya vinyozi kimoyomoyo. Nilisahihisha hata sala za mama. Akisema "jina yako litukuzwe," mimi nakatiza, "jina lako." Alicheka. "Mutoto huyu atafika mbinguni aanze kufundisha malaika." Lakini kila asubuhi ile L ilinitazama kutoka kwenye mamia ya vipande, nami nikaona aibu kama vile tumetoka nje bila nguo.

Ndipo akaja Wafula, mfanyabiashara kutoka Kenya aliyekuwa akipeleka bidhaa Juba. Alichukua vipande vichache vya kujaribia, akarudi akisema kule wanavitaka, na kwamba atapakia vyote ambavyo mama angeweza kupika, safari baada ya safari. Kwa mama hiyo ilikuwa mara ya kwanza ukuaji ule wa nchi kumgongea mlango. Aliongeza mapipa mawili. Tulipika kwa wiki tatu, macho mekundu, mikono imebabuka. Nami nikajiambia kwamba sabuni inayovuka mpaka haiwezi kuvuka na kosa la tahajia. Nilichonga muhuri mpya kwa wembe na msumari, herufi zikiwa zimegeuzwa kama kwenye kioo, na nilipoukosea niliuanza upya, mara nne. Ulikuwa mzuri. Hadi leo sijatengeneza kitu kizuri kama ule muhuri. Ule wa zamani niliusukuma motoni chini ya pipa, na mama alipouulizia nikasema umepasuka.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba siku zilezile mtu wa bonde jirani alikuwa ameanza kuiga sabuni yetu. Rangi ileile, ila ndani amechanganya udongo. Alichongewa muhuri mjini, kwa mashine, na wa mjini wakamwandikia inavyopaswa: FURAHA. Wanawake sokoni walikuwa wamekwisha kujua. Walipitisha kidole gumba juu ya herufi ya tatu kabla ya kununua. Mama alisikia tu kwamba kuna feki; tofauti yenyewe asingeweza kuisoma.

Wafula alifika asubuhi, lori likinguruma nje. Aliokota kipande, akakigeuza, akakikwaruza kwa ukucha.

"Mama Fulaha, hii ni ya nani?"

"Ya nani tena? Iko ya kwangu. Angalia hii mikono."

Nikajitokeza mbele, kifua nje. "Ni mimi, mjomba. Ilikuwa imekosewa, nimeirekebisha."

Nakato, mchuuzi aliyekuja kwetu kila asubuhi kuchukua sabuni za kutembeza, alipiga kofi la kicheko. "Banange! Wengine wanaibiwa jina. Maama Fulaha anajitengenezea feki yake mwenyewe!"

Wafula hakucheka. "Kijana, mimi nimesoma, najua ndivyo inavyoandikwa. Lakini kule hawanunui tahajia. Wananunua ile wanayoijua." Mama alimwomba asubiri, tuchonge muhuri mwingine. Mama mwenyewe akabonyeza kipande, kilikuwa kimekauka, hakikubali alama tena. Lori halingoji. Siku hiyohiyo lilivuka reli na kujazwa sabuni ya kiwandani, iliyofungwa tayari kwenye makasha, na Wafula hakurudi kwetu.

Ssalongo alimwambia mama anichape, mchelea mwana kulia hulia yeye. Mama akamjibu, "Nimeshalia, baba yangu. Sasa saidia mimi kubeba hii mapipa." Hakunichapa. Aliniuliza tu kwa nini sikumuuliza.

"Lakini mama, wewe ni Furaha."

"Kule Bukavu, ndiyo. Huku nilifika na wewe mgongoni, sina kitu, na watu wakaniita Fulaha, wakanipa chakula. Hii nayo ni jina yangu."

Sikumsahihisha. Tulizikwangua sabuni zile, tukaziyeyusha, Ssalongo akachonga muhuri mwingine wenye L, lakini Nakato alikuwa amekwisha kuitembeza habari pamoja na sabuni, na shaka ikishaingia sokoni haitoki kwa kunawa. Wanawake walipapasa herufi, wakatazamana, wakaweka chini. Mvua zilipoanza mama alivuka reli, akaajiriwa kufunga sabuni kwenye kiwanda kilekile kilichojaza lori la Wafula. Karani alimwandikia beji yenye jina Fulaha, na mama akaivaa kwa miaka, akirudi nyumbani ananukia manukato ambayo hakuyachagua.

Sitadanganya kwamba zamani kulikuwa bora. Moshi ule ulituharibu vifua, na leo tuna umeme, sakafu ya saruji na maji karibu. Viwanda vimeongezeka, maghala yamefika hadi palipokuwa na vinamasi vya yamu, yale magimbi yetu, na mashine zinafunga sabuni kwa kasi ambayo ilipunguza mikono mingi, ya mama ikiwemo. Nchi imekua kweli. Ila nikiitazama nahisi uchovu, kama mtu aliyekimbia kuliwahi lori na bado anahema ingawa limekwisha kuondoka. Mimi natengeneza lebo kwenye kompyuta niliyojifundisha kuitumia peke yangu, za siagi ya karanga, za mishumaa, za unga wa uji, na bado silali vizuri kabla kazi haijachapwa. Mteja akiniletea jina, namwomba alitamke mwenyewe, naliandika kama alivyolitamka, kisha namuuliza tena. Mama hajapika sabuni tangu mwaka ule.